Kadi ya Cherehani

Barua ya kwanza niliiandika mwezi wa Juni, mwaka 1956, siku ya nne tangu nitoke hospitali, nayo ilinichukua jioni mbili. Kifua kilikuwa bado kinabana. Niliandika mistari miwili, nikalaza kichwa mezani, kisha nikaandika miwili mingine. Mke wangu Theopista alikuwa amekaa kitandani akichambua mchicha, akiniangalia ninavyotamka kila herufi kwa midomo kabla ya kuiandika.

Niliyotaka kuieleza kampuni yalikuwa machache. Kwamba nilinunua kwao cherehani ya miguu kwa shilingi mia tano na ishirini, kwa makubaliano ya kulipa ishirini kila mwezi. Kwamba nimelipa miezi kumi na mitano bila kukosa. Kwamba nilishikwa na kichomi nikalazwa wiki tisa, na fundi aliyelala kitandani haingizi kitu. Kwamba silikatai deni, ila naomba nilipe shilingi kumi kumi kwa miezi minne, mpaka nipate nguvu. Mwisho niliandika, "Mungu akubariki wewe na kazi zako. Ni mimi mtumishi wako mtiifu, Leodegar Mangowi."

Jina langu niliandika kwa herufi kubwa, nikalitazama sana. Nilianza kusoma nikiwa na miaka thelathini na tisa, katika darasa la jioni kwenye ukumbi ulio nyuma ya kanisa letu. Mwalimu wetu, Anselmi, mchana alikuwa karani wa reli kwenye mtaa wa Gerezani. Alitufundisha bila malipo, na hakutucheka. Siku niliyoweza kuandika "Leodegar" bila kuangalia ubaoni nilikwenda moja kwa moja kupiga magoti mbele ya Sakramenti, nikamshukuru Mungu kwa jina lile alilonipa kwa maji ya ubatizo.

Theopista hufupisha, huniita Leo. Sokoni wananiita Fundi Kesho.

Jina hilo la sokoni nililipata kwa haki. Nilikuwa nikishona barazani kwenye Mtaa wa Kongo, na wateja walipofika kuuliza nguo zao niliwajibu, "Kesho, mama. Kesho, bwana." Sikukusudia kudanganya. Nilipokea kazi zaidi ya nilizoweza, kwa sababu niliogopa kumwambia mtu hapana. Kuruthumu, aliyekaanga mihogo hatua tatu kutoka kwenye cherehani yangu, alipomsikia mke wangu akiniita, alipiga makofi.

"Jamani! Nyumbani Leo, kazini Kesho! Na Jana mmemficha wapi?"

Watu walicheka, nami nikacheka, lakini jina lilinichoma. Katika sala zangu nilimwambia Mungu kwamba siku moja nitalifuta.

Nirudi kwenye barua. Wiki mbili zilipita, hakuna jibu. Nilimwonyesha Mwalimu Anselmi nakala niliyojiwekea daftarini. Aliisoma yote.

"Barua ni nzuri, Leodegar. Ila hapa umeandika cherahani. Ni cherehani."

Niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Basi nikaamini hiyo ndiyo sababu. Watu wa ofisini wameona kosa katika mstari wa kwanza, wakasema huyu ni mtu wa ovyo, wakaitupa. Nikaandika ya pili, kosa nikalisahihisha. Hakuna jibu. Ya tatu nikapunguza salamu, maana Theopista alisema labda wamechoka kusoma salamu kabla ya kufika kwenye shida. Hakuna jibu. Ya nne nikazirudisha salamu, nikaongeza za watoto wao.

Kila Ijumaa nilifunga. Nilisali novena kwa Mtakatifu Yosefu, aliyekuwa fundi kama mimi, nikamwomba anisemee. Siku ya tisa ilipokwisha nilikwenda kuuliza kwenye sanduku la posta la kanisa, ambalo ndilo nililotoa kuwa anwani yangu tangu siku ya kununua. Hakukuwa na kitu. Nikaianza novena upya.

Usifikiri nilikaa na kalamu tu. Mara tatu nilikwenda mwenyewe mpaka ofisini kwao, kule mjini kwenye maduka ya vioo. Zamani sikuwa na haja ya kwenda. Kila mwisho wa mwezi karani wao, Fikirini, alikuja Kariakoo kwa baiskeli, akapokea shilingi ishirini na kupiga muhuri kwenye kadi yangu. Lakini nilipokuwa hospitali Fikirini alihamishiwa Tanga, na baada yake hakuja mtu. Mlangoni pa ofisi nilimkuta tarishi aliyeitwa Rajabu, mtu mrefu wa kaptula iliyopigwa pasi.

"Umekuja kulipa?"

"Nimekuja na shilingi kumi. Nataka kuzungumza na mkubwa."

"Kumi hazipokelewi. Dirisha linapokea ishirini kamili. Na mkubwa hazungumzi na wadaiwa. Andika barua."

"Nimeandika, ndugu yangu."

"Basi ngoja jibu."

Mara ya pili alisema vilevile. Mara ya tatu aliponiona tu barabarani alinyoosha mkono. "Mtu wa barua, umeleta nyingine? Nipe, nikuokolee stempu." Nilimpa ya tano. Akaipeleka ndani, nami nikaona mlango ukifungwa nyuma yake.

Niseme kwa nini moyo wangu haukutulia. Tulipokuwa tukinunua tulielezwa sharti: mtu akikosa miezi mitatu, kampuni inaichukua cherehani, na alicholipa hakirudi. Mimi nilikuwa nimekosa mitatu kabla hata sijatoka hospitali. Shilingi mia tatu za jasho langu zilikuwa ndani ya kile chuma. Kikiondoka, sina kazi, wala sina nauli ya kuturudisha Kilimanjaro, na kule shamba la ndizi alishagawiwa mdogo wangu. Kila mkokoteni uliopita Mtaa wa Kongo niliutazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari.

Wasiwasi ule ulinifanya nishone vibaya na polepole. Nilipokea viraka vya kanzu na kupunguza suruali, kazi za senti hamsini, ili tupate unga. Kazi kubwa niliziacha zingoje. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya Bi Zamda wa Mtaa wa Swahili. Aliniletea kitambaa cheupe mwezi wa Machi, kabla sijaugua, kwa gauni la bintiye la kuolewa. Harusi iliahirishwa mara moja kwa msiba. Sasa tarehe ilikuwa imewekwa: Jumamosi, mwisho wa Septemba.

Alikuja kila siku kuanzia mwanzo wa mwezi.

"Fundi, habari za kazi? Leo?"

"Kesho, Bi Zamda. Insha'Allah kesho."

"Usimtaje Mungu kwenye uongo wako, fundi. Mimi nitakuja kila siku. Miguu ni yangu."

 Siku nyingine alisimama tu, akakitazama kitambaa chake kilivyokunjwa chini ya meza, akaondoka. Niliona afadhali angenitukana.

Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, hatimaye nilikuwa nimelikata gauni lile na kuunganisha mabega. Saa nne asubuhi sindano ilikuwa ndani ya kitambaa, mguu wangu unakanyaga, niliposikia mkokoteni ukisimama mbele ya baraza. Sikuinua uso. Nilimaliza mshono ule kwanza.

"Namtafuta Bwana Efu Kesho," sauti ikasema.

Alikuwa Rajabu, na karatasi mkononi. Nyuma yake alikuwa hamali na mkokoteni mtupu.

Kuruthumu aliangusha mwiko ndani ya mafuta. "Efu Kesho! Mama yangu! Efu ndiyo nini?"

"Imeandikwa hapa. F, nukta, Kesho. Cherehani moja ya miguu."

"Efu ni Fundi, mjinga wewe! Si huyo hapo mbele yako?"

Rajabu alinitazama, akaitazama karatasi, akanitazama tena.

"Wewe si mtu wa barua?"

"Ndiye mimi."

"Wewe si unaitwa Leo... Leode..."

"Leodegar."

"Sasa Kesho ni nani?"

 Niliinama, nikatoa kadi yangu kwenye mkebe wa vifungo. Kadi ile nilikuwa nayo mwaka na miezi minane. Nilijua mihuri yote, nilizijua tarehe zake kwa moyo. Lakini ule mstari wa juu uliandikwa kwa mwandiko wa kuunganisha, ambao Mwalimu Anselmi alianza kutufundisha mwaka ule tu. Tena, nani husoma jina lake mwenyewe? Jina langu nilikuwa nalijua. Nililiangalia sasa kwa mara ya kwanza, nikilifuata kwa kidole, kitanzi baada ya kitanzi. F. Kesho.

Ndipo nikaikumbuka siku ya kununua. Nilikwenda na mwenye nyumba wetu, Mzee Mwinyimvua, awe mdhamini wangu. Nilipoiona cherehani nilipiga magoti sakafuni kuangalia mkanda na gurudumu, nikawasahau watu wote. Juu yangu nilimsikia karani akimuuliza mzee kama ananifahamu, na mzee akicheka: "Nani asiyemfahamu Fundi Kesho, Kariakoo hii?" Kalamu ikakwaruza. Nami, kwa kuwa sikujua kuandika, nilitia dole gumba.

"Barua zako mimi mwenyewe nimezipeleka ndani," Rajabu alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Walitafuta Leodegar kwenye mafaili hawakumwona. Karani mkuu alisema huyu hana kitu chetu, labda ana wazimu. Wakaziweka kando."

"Na wewe hukuniambia?"

"Nikuambie wanakuona mwendawazimu? Ningeanzaje?"

 Rajabu alikunja ile karatasi, akaikunjua. Alisema ametumwa, na akirudi mikono mitupu yeye ndiye atakayeulizwa. Nilimwelewa. Nilitoa gauni la Bi Zamda chini ya sindano, nikalitundika begani, nikamwomba jambo moja tu, nifuatane na cherehani yangu mpaka ofisini. Akakubali.

Waliipandisha mkokotenini. Nilitembea ubavuni, mkono juu yake isiyumbe, tukapita soko zima. Watu walisimama. "Kesho, unahama?" mmoja akapiga kelele. Theopista alitoka mbio kwenye meza yake ya ndizi, akaona, akafunga khanga yake kiunoni.  Alinipa shilingi moja na nusu zilizokuwa kwenye pindo, akarudi kwa wateja wake, maana mmoja wetu ilibidi auze. Njia nzima nilisali Rozari kwa vidole, na kila mara hesabu ilinipotea kwa sababu ya gauni lile jeupe begani, nikiogopa vumbi.

Safari hii mlango ulifunguliwa, kwa kuwa cherehani haiwezi kuambiwa ikaandike barua. Karani mkuu alikuwa mtu mzima wa miwani minene, amechoka kuliko mimi. Rajabu alimweleza. Karani akatoa faili la F. Kesho, kisha akainama, akatoa chini ya meza sanduku la kadibodi. Barua zangu zilikuwa humo, zimefungwa uzi. Tano. Zilikuwa zimefunguliwa vizuri, hata hazikuchanika.

"Zote zako?"

"Zote, bwana."

"Mbona hukuandika namba ya kadi?"

"Sikufundishwa. Nilifundishwa salamu."

Alivua miwani akaifuta. "Sisi nasi tulikuandikia. Mara tatu." Akageuza kurasa za faili, akaniwekea mezani bahasha tatu, za Aprili, Mei na Juni, zote kwa Bwana F. Kesho kwenye sanduku la posta la kanisa letu. Juu ya kila moja, kwa wino wa buluu, paliandikwa neno moja: Hajulikani. Mwandiko ulikuwa wa kuunganisha, wenye mikia mirefu. Niliusoma mara moja. Ulikuwa ule ninaounakili kila Jumanne na Alhamisi jioni.

Mwalimu Anselmi ndiye aliyesoma majina ya wenye barua mlangoni pa kanisa baada ya Misa. Jumapili zile mimi nilikuwa hospitali, na Theopista alikuwa kando ya kitanda changu. Lazima aliliita jina lile mara tatu mbele ya waumini. Kule kanisani nani angelijua jina la sokoni? Hakukosea. Aliandika kweli aliyoijua.

Karani mkuu alichukua barua zangu tano na zile bahasha tatu, akaingia nazo kwenye chumba cha kioo alikokaa meneja, Mzungu mwenye upara. Nilimwona meneja akiinua barua ya juu, akiishusha. Hakuinua macho kutazama upande wetu. Huenda hakuifikia hata salamu. Niliomba kimoyomoyo, lakini maneno yalikuwa yamekwisha, nikabaki nasema "Bwana, Bwana" tu, kama mtu anayebisha hodi bila kujua jina la mwenye nyumba.

Karani akarudi.

"Amekubali. Shilingi kumi, miezi minne, kisha ishirini kama zamani. Gharama ya mkokoteni wa kukuleta, shilingi tatu, inaingia kwenye deni. Una kumi?"

Nilikuwa nazo, katika leso, tangu Juni. Nilizihesabu mezani. Aliandika mapatano mapya, akaisogeza karatasi, kisha akasogeza na kidau cha wino wa dole gumba.

"Najua kuandika, bwana."

"Vizuri. Weka sahihi hapa. F. Kesho."

Kalamu ilisimama mkononi. "Bwana, siwezi kuandika jina langu?"

"Mkataba uko kwa Kesho. Ukitaka kubadilisha jina, andika barua makao makuu, Nairobi."

"Wao hujibu baada ya muda gani?"

Alinitazama juu ya miwani.  Rajabu, nyuma yangu, alikohoa kuficha kicheko, nami nikahisi kicheko kikinipanda pia, cha kuchoka, kisicho na furaha wala hasira.

Miezi kumi na minne nilikwenda darasani baada ya kazi, mgongo ukiuma, ili niweze kuandika jina moja. Niliinama, nikaandika lile lingine. Niliandika kwa mwandiko wa kuunganisha, polepole, na K yake ilitoka nzuri. Mwalimu angeifurahia.

Hamali alitaka shilingi mbili kuirudisha. Nilikuwa na moja na nusu. Rajabu alitoa senti hamsini mfukoni mwa kaptula yake.

"Utanilipa kesho," alisema, kisha akaona alichosema, akaangalia pembeni.

Tulifika Mtaa wa Kongo saa tisa alasiri. Miguu ilikuwa mizito kama niliyotoka nayo hospitali, na kifua kilianza tena kubana. Bi Zamda alikuwa amekaa juu ya kiti changu. Kuruthumu alikuwa amempa muhogo, nao hakuugusa. Aliposikia magurudumu alisimama, akaliona gauni begani kwangu, halina mikono, halina pindo. Alilipapasa kwa vidole, akaliachia. Nadhani alikuwa amelia, au alikuwa amechoka kuuliza.

Tulishusha cherehani. Nilipitisha uzi, mara ya kwanza ukakosa tundu, mara ya pili ukakosa. Lile neno lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Nilihitaji kulala tu. Asubuhi ningekuwa na nguvu, na harusi ilikuwa bado siku mbili. Mungu anisamehe, nilifungua mdomo kabisa.

Nikaliona akilini lile sanduku la kadibodi chini ya meza ya karani, na barua tano zimefungwa uzi, na kitambaa cheupe kilivyokaa miezi sita chini ya meza yangu, kimekunjwa vizuri vilevile.

"Bi Zamda," nikasema, "kaa. Usiende nyumbani. Nishikie upindo huu usiguse chini."

"Leo, fundi?"

"Leo."

"Naam!" Kuruthumu akaitika kwa niaba yangu. "Kaitwa kwa jina lake!"

Bi Zamda hakucheka. Alivuta kigoda cha Kuruthumu, akaushika upindo kwa mikono yote miwili, nami nikakanyaga.